Mpanda Inapokea Wageni kwa Mlango wa Uani

Reli ya Mpanda haiendi popote baada ya Mpanda. Inachepuka kutoka Reli ya Kati pale Kaliua, inavuka mto Ugalla, inakata misitu ya miombo ambayo ukisinzia na kuamka unaikuta ileile, kisha inafika mwisho. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba, jirani na mji. Mgodi wenyewe haukudumu. Reli ikabaki, na waliokuja nayo wakabaki pia: mafundi wa njia, makarani wa stesheni, wapishi, wachuuzi. Wengi walikuja kwa kazi moja wakaishia kufanya nyingine, na ndio waliouanzisha mji huu.

Nilikwenda huko mwezi wa Oktoba, wakati jua limekausha kila kitu lakini miombo, kwa maajabu yake, imeshaanza kuchipua majani mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Aliyeniita ni mdogo wangu. Ni muuguzi, kazi ilimhamishia Katavi, na baada ya kupanga kwa miaka kadhaa Makanyagio akanipigia simu: “Dada, nataka kununua nyumba. Njoo uione kabla sijatoa pesa.” Kwetu Tanga mtu hanunui nyumba peke yake kama anayenunua maandazi. Lazima awepo mkubwa wa kuuliza maswali ambayo mnunuzi anaona haya kuyauliza. Nikafunga mzigo.

Behewani nilikaa mkabala na familia ya Kisukuma iliyotokea Shinyanga. Walikuwa na magodoro yaliyofungwa kamba, masufuria, plau, na kuku wawili waliokuwa watulivu kuliko watoto. Ng’ombe walitangulia na vijana. Baba mwenye familia alikuwa anaelekea Mpimbwe, kwenye bonde la Rukwa, ambako ndugu zake walihamia siku nyingi. Nikamuuliza kwa nini mbali hivyo. “Mama,” akasema, “kwetu mashamba yamegawanywa mpaka mtu analima pale alipokanyaga. Huku bado kuna nafasi.”

Neno hilo, nafasi, nililisikia Katavi kuliko neno lingine lolote. Na si bure. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine Tanzania ulioongezeka kwa kasi hiyo katika kipindi hicho. Watu wamezidi maradufu ndani ya miaka kumi, na wote hao wanahitaji mahali pa kulala.

Wengi wa hao wapya wanaofikia mjini hawaanzi kwa kujenga. Wanaanza uani kwa mtu.

Dalali wetu alikuja na pikipiki asubuhi, kijana mwenye simu mbili na maneno ya kutosha simu nne. Alitaka kwanza hela ya usumbufu, tukampa, kisha akaanza kuimba bidhaa yake. Nyumba zote alizotutajia, ziwe Majengo, Ilembo au Nsemulwa, zilimalizikia na kibwagizo kimoja: “Na nyuma kuna nafasi, bosi. Unashusha nyumba nyingine.” Nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, maji yapo, umeme upo, na nyuma kuna nafasi. Ukimuuliza mbona bei imepanda, anakuonyesha kidole magharibi: “Bandari ya Karema hiyo, dada. Kongo ni hapo ng’ambo. Na reli ya kisasa inakuja.” Kwa madalali wa Mpanda, kila mradi wa serikali tayari umo ndani ya bei ya nyumba.

Tulipokuwa tunazunguka niliona yale maandishi ambayo mtu wa mji wowote wa Tanzania anayafahamu, yamepakwa kwa rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Huwa nayasoma kama habari ya familia. Mtu haandiki hivyo kwa ajili ya wapita njia, anaandika kwa sababu kuna ndugu mmoja ameshaanza kuongea na dalali. Mdogo wangu akacheka, akasema mtaani kwao maandishi kama hayo yalionekana mara tu lami ilipokaribia. Na kweli, Mpanda ninayoisimulia si ile ya wazee waliokwama wiki nzima kwenye tope la njia ya Tabora. Leo lami inafika kutoka Tabora, na ardhi iliyokuwa ikitolewa kwa shukrani inapimwa kwa futi.

Nyumba ya kwanza tuliikataa mlangoni. Mbele ilikuwa safi, ina fremu mbili za duka, lakini nyuma ilikuwa imejaa: vyumba vimegandamana mpaka ukuta wa jirani, choo kimoja, na maji machafu yakitafuta njia katikati ya masufuria. Mtu aliyejenga pale alitumia kila inchi, na sasa anauza kwa sababu wapangaji hawakai. Ya pili ilikuwa na uwanja mpana wenye majani tu, lakini karatasi zake zilikuwa tatu na kila moja ina jina lake. Hapo sikuhitaji kuingia ndani.

Ya tatu ilikuwa Kawajense. Nyumba ya tofali za kuchoma, zile nyekundu ambazo matanuri yake unayaona kila unapotoka nje ya mji, bati limeshika kutu, baraza la saruji limelainishwa na miaka ya kukaliwa. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu wa reli, mtu wa Ujiji, aliyeletwa Mpanda kijana na sasa anataka kurudi kwao. Alitupokea kwa heshima, akatukalisha barazani, akaanza kutueleza vyumba. Alieleza renta, alieleza mbao za paa, alieleza mwaka aliovuta umeme, enzi mji mzima ulipotegemea mitambo ya dizeli na taa zilizowaka kwa saa zake. Mdogo wangu alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu.

Mkewe akatokea koridoni na kanga mabegani. “Shikamoo mama,” tukasema. “Marahaba wanangu.” Akatutazama, akamtazama mumewe. “Mmekaa huko mbele mnatazama nini? Nyumba iko huku.”

Tukamfuata. Wanaojua nyumba za Kiswahili wanajua mpango wake: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, na mwisho wa korido mlango wa pili unaotokea uani. Mpango huu ulipanda kutoka pwani pamoja na misafara, ukajengwa Tabora, ukajengwa Ujiji, ukafika mpaka huku. Kwetu Ngamiani, Tanga, nimezaliwa ndani yake. Tofauti niliyoiona nilipovuka ule mlango wa nyuma ni ukubwa wa anga. Ua wa Ngamiani unaona kipande cha mbingu. Huu ulikuwa na miembe miwili mikubwa, tuta la matembele, mchicha, jiko la kuni la matofali, kamba mbili za nguo, na bado mdogo wangu alihesabu hatua kutoka miembe hadi uzio wa mwisho akachoka kabla uwanja haujaisha.

Pembeni palikuwa na banda la vyumba viwili, kila chumba na mlango wake na dirisha lake. Nje ya mlango mmoja palikuwa na cherehani na vipande vya vitenge. Nje ya mwingine, ndala za mtoto wa shule.

“Lile banda nilijenga mimi,” mama akasema. “Baba yenu alijenga huko mbele kwa mshahara. Huku nyuma nimejenga kwa mchicha na vitumbua. Tofali moja moja.” Mpangaji wake wa kwanza alikuwa binti kutoka Karema aliyekuja kusoma sekondari. Baba wa binti alikuwa mvuvi, na miezi mingine kodi ililetwa kwa samaki: migebuka mikavu ndani ya kapu, na mama akaiuza mwenyewe sokoni. Baada yake akaja mwalimu wa ajira mpya, akakaa mpaka alipooa. Kisha kijana kutoka Katumba aliyekuja mjini kufungua kibanda cha kutengeneza simu. Sasa yupo fundi cherehani, na mjukuu wa shoga yake anayesoma. Kwa kodi ya banda hilo amesomesha watoto wawili baada ya kiinua mgongo cha mzee kwisha.

Akaninong’oneza, ingawa kunong’ona kwake kulisikika mpaka barazani: “Baba yenu anauza nyumba. Mimi mkinitaka niondoke, tuzungumze kuhusu banda.”

Nikajua tumefika kwa mtu sahihi.

Huyo kijana wa Katumba alinikaa akilini, kwa sababu yeye peke yake ni historia ndefu. Katumba ni makazi yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mishamo, upande wa njia ya kwenda Uvinza, yalifuata mwishoni mwa muongo huo. Watu walipewa mashamba ndani ya msitu wakalima mahindi, maharage na tumbaku mpaka wakalisha hata wasiowajua. Mwaka 2014 Tanzania ikatangaza kuwapa uraia wakimbizi wa zamani zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na yale ya Ulyankulu, hatua ambayo nchi chache duniani zimethubutu kuifanya kwa idadi hiyo. Kabla ya hapo mtu wa Katumba alihitaji kibali kutoka nje ya makazi. Leo mtoto wake anakuja mjini, anatafuta chumba, na chumba anachokimudu kipo nyuma ya nyumba ya mama kama huyu. Sheria ilimpa uraia. Ua ndio uliompa anwani.

Mchana ule tulikula kwenye soko la Buzogwe. Kwetu mboga isiyoungwa kwa nazi huonekana kama imesahauliwa. Huku wanaunga kwa karanga, na kisamvu cha karanga na ubwabwa wa mpunga wa huku, mweupe na wenye harufu yake, kilininyamazisha. Juu yake wakaniwekea mgebuka wa kukaanga. Samaki huyu wa Ziwa Tanganyika ni mwembamba, ana mafuta, na watu wa Mpanda wanamsifia kwa wivu wa watu waliozaliwa naye, hata wale niliojua wazi kwamba wamezaliwa Kahama. Mama ntilie alikuwa wa Kigoma, muuza karanga wa Sumbawanga, muuza asali alikuwa Mkonongo wa Inyonga na asali yake nyeusi ndani ya chupa za maji. Nilimuuliza mama ntilie anaishi wapi. “Nimepanga uani, Majengo. Nikipata kiwanja changu nami naanza na uani. Nyumba ya mbele itakuja Mungu akipenda.”

Hili nililiona kwa macho yangu baadaye, na ni mtindo wa miji mingi yetu: kiwanja kina banda la vyumba viwili mwishoni, familia inaishi humo, na mbele umesimama msingi umeota majani. Wataalamu wa mipango miji huziita nyumba zisizokamilika. Wenyewe wanaziita kwao.

Siku moja tulikwenda Karema. Njia inashuka magharibi zaidi ya kilomita 100 mpaka milima inaachia na ziwa linatokea ghafla, buluu kali, na kwa mbali milima ya Kongo. Bandari mpya ipo, na ng’ambo ni Kalemie. Lakini Karema ilianza kupokea wageni kabla ya bandari. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo hapa, na mwaka 1885 wakawakabidhi Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe. Miaka michache baadaye akaja mtu ambaye ningependa kila mtoto wa Tanzania amjue: Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta, akaletwa Karema. Akaoa mwenyeji, akajenga, akatibu watu wa ukanda huu wa ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu akafika kusikomjua mtu, na kwa zaidi ya miaka sitini akawa ndiye anayegongewa mlango usiku. Katavi ina desturi ndefu ya kufanya wageni kuwa wenyeji, na haikuanzia kwenye takwimu za sensa.

Kusini mwa mji ni hadithi nyingine. Lami inakufikisha Sitalike, kwenye daraja la mto Katuma, lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471. Oktoba mto unabaki madimbwi, na viboko wanasongamana humo mpaka hujui mgongo upi ni wa nani. Wanakoroma, wanasukumana, mmoja akigeuka wote wanageuka. Kwenye Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, kuna mkwaju ambao wenyeji wanasema ndiko anakokaa Katabi, mzimu wa uwindaji, na wazee walikuwa wakimwachia sadaka chini yake kabla ya kuingia porini. Jina la mkoa mzima limetoka kwake.

Kijana aliyetutembeza alitueleza kwa nini madimbwi yanapungua. Katuma unapita kwenye mashamba kabla ya kufika hifadhini, na kwa miaka mingi maji yake yamezuiwa na kuchepushwa kwa ajili ya mpunga. Tulipita Mwamkulu na Kakese, kata ambazo zimo ndani ya mipaka ya manispaa lakini ni mashamba ya mpunga. Na sasa pembeni ya mashamba hayo unaona vigingi vya viwanja. Hapo ndipo niliporudi kuelewa ule uwanja wa Kawajense. Mji unaopokea watu kwa kasi hii una njia mbili. Unaweza kutanuka mpaka uyafikie majaruba, msitu na maji ya viboko. Au unaweza kujijaza kwanza, kwa utaratibu, kwenye nafasi iliyo nyuma ya nyumba zilizopo, ambako bomba la maji, nguzo ya umeme na shule tayari vipo.

Mdogo wangu aliniambia dunia nzima inarudi huko. Marekani, jimbo la California, ambalo kwa muda mrefu lilibana ujenzi wa nyumba ya pili uani, lilianza kulegeza sheria mwaka 2017 kwa sababu watu wake walishindwa kumudu bei za nyumba. Nikamwambia awapelekee picha ya banda la yule mama.

Lakini kujijaza bila utaratibu ninakujua. Kwetu Ngamiani, ambako Wajerumani walipanga mitaa iliyonyooka na mpaka leo inaitwa kwa namba, nyua zilijaa chumba baada ya chumba. Alipofariki mzee mmoja mtaani kwetu aliyekuwa anaishi banda la nyuma, jeneza halikuweza kukata kona. Ilibidi litolewe juu ya ukuta wa jirani, wanaume wakipokezana, na mjane akitazama. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila aliyeongeza chumba aliongeza kwa mtoto wake au kwa shida yake. Ila hakuna aliyeacha njia.

Tulimrudia mama wa Kawajense na fundi, mtu mzima ambaye mdogo wangu anamwamini. Fundi hakupima chumba hata kimoja. Alipima upande wa nyumba, kati ya ukuta na mpaka. “Hapa panapita gari la kunyonya choo,” akasema, “na zimamoto ikibidi. Usipaguse.” Akaonyesha choo kilipo, akaonyesha bomba, akaonyesha maji ya mvua yanapokimbilia. Akataka nyumba ya pili ikae nyuma ya miembe, si kwenye uzio, na mlango wake utazame njia, si jiko la mwenzake. “Watu wakikaa uani mmoja wanagombania vitu vitatu: choo, kamba ya nguo na umeme. Vigawe mwanzo, utakaa nao miaka.” Kuhusu umeme alisisitiza mita mbili, na akamkumbusha mdogo wangu kwamba kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema mita ipi itakatwa na nani atailipa.

Maswali yaliyobaki yalikuwa yangu. Hati iko wapi, na ni ya miaka mingapi? Chini ya sheria ya ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini, na kinachouzwa ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Mzee akatoa hati, jina lake, mipaka inasomeka. Kiwanja kimoja, hati moja. Nikamweleza mdogo wangu jambo ambalo madalali hawalisemi: ukijenga nyumba ya pili, hutaweza kuiuza peke yake mpaka kiwanja kigawanywe kwa kibali cha manispaa na kupimwa upya. Na kujenga kwenyewe kunataka kibali cha ujenzi, hata kama ni vyumba viwili na hata kama majirani wote walijenga bila hicho.

Kisha tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Ni chumba kidogo chenye benchi, kalenda na picha ya Rais. Mwenyekiti alikuwa na haraka ya mtu anayesubiriwa msibani, lakini kabla hajagusa karatasi aliuliza swali moja: “Mama yuko wapi?” Mama alikuwa nyuma yetu. Mwenyekiti hakuuliza kwa upole tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kesi ngapi zimeanza kwa mnunuzi aliyesahau swali hilo!

Mama hakusaini mara moja. Aliweka masharti yake mezani kama mfanyabiashara, na mumewe akakaa kimya, nadhani kwa fahari. Kwanza, thamani ya banda iandikwe kando na alipwe yeye mwenyewe mkononi. Pili, wapangaji wasiguswe mpaka shule zifungwe Desemba, na fundi cherehani apewe nafasi ya kwanza kwenye nyumba mpya itakapojengwa. Tatu, miembe isikatwe. Sharti la tatu mwenyekiti alisema halina nguvu kisheria. “Andika tu,” mama akasema. Likaandikwa. Majirani wawili wakashuhudia mipaka, mdogo wangu akalipa sehemu ya kwanza kupitia benki, na salio likasubiri uhamisho wa hati.

Nimerudi Tanga na hoja ambayo sikuwa nayo. Miji yetu inazungumza sana kuhusu viwanja vipya, vya kilomita kadhaa nje ya mji, ambako mtu ananunua pori kisha anasubiri barabara. Ni sawa, watu wanaongezeka na viwanja vinahitajika. Lakini mtu anayefika Mpanda leo na begi moja, awe mwanafunzi wa Karema, kijana wa Katumba au mwalimu mpya, hawezi kusubiri barabara. Anahitaji chumba mwezi huu, kwa kodi anayoimudu, karibu na maji na kazi. Vyumba hivyo vinajengwa na akina mama kwa pesa za mchicha, bila mkopo na bila ramani. Manispaa zetu zingefanya jambo la maana zikiwapa ramani rahisi ya nyumba ya uani, kibali cha bei nafuu kinachotoka haraka, na amri moja isiyo na mjadala: njia ibaki wazi.

Na wewe unayefikiria kununua nyumba Mpanda, au popote pale dalali anapokuimbia kwamba nyuma kuna nafasi, mwambie akuonyeshe vitu vitatu: hati, mke wa muuzaji, na njia ya kufika uani. Kimoja kikikosekana, rudi nyumbani na pesa yako.